Ndoo ya Sita

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na minane, mjane, naishi Itigi. Jambo hili limenila moyo muda mrefu… leo nalitapika!

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, kila mtu alikuwa anafungua biashara. Mimi nilifungua nyumba ya wageni, vyumba vitatu tu. Mume wangu Yohana alichochea moto kwenye injini kuukuu ya mvuke, iliyobakizwa stesheni kwa kupanga mabehewa. Wake wa wafanyakazi tulikuwa tunakinga maji ya moto kwenye bomba lake dogo.

Dereva, Mzee Rashidi, aliruhusu ndoo mbili tu. "Zaidi ya hapo mnaikausha, binti yangu," alisema kila siku.

Asubuhi moja Mzee Rashidi aliitwa ofisini. Nilikuwa na wageni sita, wanunuzi wa alizeti, na baridi ile wote walitaka maji ya moto. Yohana alikataa. Nikanuna, nikamwambia hataki nifanikiwe. Yohana wa watu! Akafungua bomba. Nilibeba ndoo moja moja mpaka tano, ya sita nikaiacha inajaa…

Nilikuwa mlangoni kwangu injini ilipolipuka. Yohana tulimzika kwenye jeneza lililopigiliwa misumari, hata uso sikuuaga.

Wakubwa walikuja kuchunguza, wakasema injini ililipuka kwa kuishiwa maji juu ya moto. Mzee Rashidi aliapa kwamba aliacha maji ya kutosha. Nani angemwamini? Akafukuzwa kazi kwa uzembe. Jioni alikuja kwangu, kofia mkononi.

"Mama Neema, wewe ulipita pale asubuhi. Hukuona kitu?"

"Shikamoo baba. Sikuona kitu."

"Marahaba," alijibu, akaondoka taratibu.

Niliogopa wakwe wangejua, wangenifukuza mimi na wanangu. Mungu wangu, nilikuwa mtu gani?

Mji mzima ulimwita Mzee Rashidi muuaji. Alidhoofika, na mwaka wa tatu akafa. Baada ya mazishi nilimfuata mkewe, nimeamua kusema. Kabla sijafungua mdomo, akaniwekea miguuni ndoo iliyobonyea, yenye alama yangu ya rangi nyekundu.

"Aliiokota siku ileile, akaificha wakubwa wasiione," alisema. "Nilitaka kuipeleka ofisini, akanikatalia. Alisema utaifuata mwenyewe."

Miaka mitatu alinisubiri!

Nilikwenda ofisini kueleza yote. Wakaniambia faili lilishafungwa, na aliyehusika ameshakufa.

Ndugu zangu, kama kuna mtu amebeba lawama yako, mfuate leo… angali anaweza kuitikia salamu yako.