Chokaa ya Msichana Mwenye Mtungi

Jioni ile nilitumwa kanisani Nyamiaga kukwangua chokaa.

Mama yangu, Speciosa, alikuwa na homa iliyogoma kushuka. Hospitali walimpa dawa, wakamrudisha. Kumuuguza kulinichosha hadi mifupa. Ndipo mama mkubwa Francisca akanikumbusha ukuta.

Zamani, Mmarekani mmoja alichora watakatifu nyuma ya altare, wakubwa kama watu. Alipenda umbo la Wagiriki na Warumi wa kale, waliojitanda mashuka yanayoburuzika, lakini nyuso alichukua za wasichana wa hapa. Mama ndiye mwenye mtungi. Kila asubuhi mchoraji alipaka chokaa mbichi kipande kidogo cha ukuta, akachora kabla hakijakauka. Alishafia kwao. Tangu hapo, aliyechorwa akiugua, ndugu hukwangua picha yake kidogo, wakamnywesha unga wake kwa maji.

"Kwangua pindo tu," alisema Francisca. "Shuka lenyewe refu hivyo, kama vile hatukuwa tunashuka mtoni kuteka maji. Mwili usiguse."

Kanisani hapakuwa na mtu. Giza lilikuwa linaingia. Niliwasha tochi ya simu. Mama, bado msichana, akanitazama.

Harufu ikanijia... chokaa iliyomwagiwa maji sasa hivi.

Swa... swa... swa...

Brashi.

Nilikaza macho kwenye pindo, nikakwangua haraka. Nilipoinuka, nilipepesuka kwa uchovu. Nikajishika ukutani nisianguke, begani mwa msichana.

Kiganja kikazama.

Nyuma ya sikio langu, sauti ya mwanamume mzee ikanong'ona kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kigeni: "Usiguse. Bado mbichi."

Nilikimbia, unga ukiwa ndani ya leso. Nilichosikia sikumwambia mtu.

Mama alikunywa. Alfajiri homa ilikuwa imekwisha. Akaomba uji, akamtania Francisca kwamba alishaanza kugawa vitenge vyake. Nililia, kwa uchovu zaidi kuliko furaha. Kisha nikamwogesha.

Begani mwake palikuwa na alama ya mkono, nyeupe, iliyobonyea.

Niliweka mkono wangu juu yake. Ukaenea sawasawa.

Mchana nilirudi kanisani. Ukuta ulikuwa mkavu, mgumu kama jiwe. Bega la msichana halikuwa na alama yoyote.

Sasa Mama analima, anaimba. Lakini jua likizama huketi wima katikati ya chumba, mbali na ukuta, mbali nasi. Jana jioni nilitaka kumfunika shuka. Hakugeuka.

"Usiniguse, mwanangu," alisema taratibu. "Bado mbichi."