Mdogo Wangu Alinichukulia Mume, Tumbo Langu Likavuja Damu

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Kwetu ni Kendu Bay, lakini nafanya kazi Homa Bay, katika maabara ya chuo kimoja. Tulikuwa tunachunguza jinsi msongo wa mawazo unavyoleta vidonda vya tumbo.

Panya mweupe unamwingiza kwenye mrija mwembamba. Hawezi kugeuka, hawezi kutoroka. Baadaye anauawa, unampasua tumbo... unakuta vidonda vinavuja damu. Wala hakuna aliyempiga. Hofu tu!

Mdogo wangu Atieno alipomaliza shule nilimleta kwangu anisaidie watoto. Nilimpenda kama mwanangu. Siku moja nikarudi nyumbani mapema... nikamkuta kitandani kwangu. Na mume wangu!

Nilimpigia mama simu nikilia. Akaniambia, "Nyamaza, nyathina, mwanangu. Watu wakijua tutaficha nyuso wapi? Huyo ni damu yako."

Mtoto wa mama husikia. Nikanyamaza...

Kumbe waliendelea! Nilikuwa nawasikia wakicheka jikoni, nikiingia wanaacha. Chakula kikakataa kupita. Kichwa kikiniuma, nameza dawa za maumivu, tumbo tupu. Likaanza kuwaka moto.

Risper, mwenzangu wa maabara, aliniambia, "Unakonda, dada. Si uende hospitali?" Nikamjibu ni asidi tu. Ningeanzaje kumweleza?

Asubuhi moja, panya akiwa mkononi mwangu, nilitapika damu nikaanguka.

Nilifanyiwa upasuaji. Kidonda kilikuwa kimetoboa tumbo. Daktari alisema zile dawa bila chakula ndizo zilizokichimba, na mawazo yakakichochea. Nilipozinduka nilimuuliza Risper mume wangu yuko wapi. Akaniambia ukweli. Mume wangu alikuwa amehamia Migori na Atieno, ambaye tayari alikuwa mjamzito...

Mama alikuja akanishika miguu. "Nisamehe, nyathina. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo."

Nilimsamehe. Lakini Atieno akipiga simu, bado sishiki. Watoto huniuliza anti alienda wapi... Niwajibu nini?

Wasomaji wenzangu, msifuate njia yangu! Ukitendewa ubaya usiumeze ati kwa kuogopa aibu. Tafuta hata mtu mmoja umwambie. Tumbo likiuma nenda upimwe, usinunue vidonge ovyo dukani. Wale niliowafichia aibu wanaishi vizuri Migori. Mwenye kovu tumboni ni mimi.