Balbu Iliyohamishwa kwa Mapenzi

Limbani hakuegesha gari lake mahali tambarare hata siku moja. Alitafuta mteremko, akalielekeza pua chini, akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Hapa Zomba miteremko haikosekani. Asubuhi aliondoa jiwe, na majirani walijua kazi yao.

"Sukumeni! Haya, tena!"

"Baba Tadala, gari lako linakula watu badala ya petroli!" alipiga kelele mama muuza mandasi, maandazi ya huku.

"Vumilia, mama. Ni la mitumba, lakini lina moyo wa ujana."

"Moyo ni wake. Miguu ni yetu!"

Gari lilikohoa, likawaka, likaenda. Tamanda, mke wa Limbani, alicheka huku akimtikisa mtoto wao Tadala mgongoni. Alilipenda gari lile kuukuu. Ndilo lililomleta nyumbani kutoka hospitali siku Tadala alipozaliwa.

Lakini wiki hii kicheko chake hakikufika mbali. Jumamosi ilikuwa chinkhoswe ya mdogo wake, Tiyamike. Wajomba wa pande zote mbili wangekaa pamoja, wangebadilishana kuku, na uchumba ungekuwa uchumba wa kweli. Mjomba wao, mzee Chimombo, aliishi mbali, Mulanje. Mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kupanda minibasi. Limbani alikuwa ameahidi kumfuata Ijumaa.

Bila mjomba hakuna chinkhoswe. Na gari hilo, mara ya mwisho walipotoka Blantyre, taa zake zilififia njiani kama mshumaa unaokwisha. Kisha lilinyamaza kabisa. Walivutwa na lori la mkaa mpaka nyumbani.

"Je, mjomba naye tutamwambia ashuke asukume?" Tamanda aliuliza Jumatano jioni.

"Nitanunua betri nyingine," alisema Limbani.

"Hii ni ya pili, mume wangu. Ile ya kwanza tunazuilia mlango wa banda la kuku."

Limbani alicheka, akachukua spana. "Basi ngoja nilipime kwanza. Rafiki yangu kazini kanifundisha. Gari likiwa linaunguruma, unachomoa waya wa betri. Likiendelea kuunguruma, ujue linachaji."

Gari lilikuwa limeshawashwa kwa kusukumwa. Limbani aliinama, spana ikagusa kichwa cha betri.

"We baba Tadala! Acha! Acha hapo hapo!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Mama Nyangulu, jirani yao mpya, alikuja mbio akiwa na mwiko wa kusongea nsima mkononi. Yeye alifundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi.

"Kwani nimefanya nini, jirani?"

"Bado hujafanya, mshukuru Mungu. Ukichomoa waya huo injini ikiwa inazunguka, umeme unaweza kuruka ghafla ukaunguza altaneta na vifaa vingine. Hicho si kipimo, baba. Ni kuvunja chungu ili ujue kama kinavuja."

Tamanda aliangua kicheko. "Na mwiko ni wa nini, mama Nyangulu?"

"Wa kumchapa, kama asingesikia!"

Alirudisha mwiko jikoni, akaja na mita ndogo yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Tamanda, njoo uone na wewe. Gari ni lenu wote. Betri ni kama mtungi, inatunza umeme. Altaneta ndiyo inayochota. Inazungushwa na mkanda huu, injini ikiwaka, na inaujaza mtungi. Asipokuwepo mchotaji, utanunua mitungi mpaka uchoke, na yote itakauka."

Aliwaambia wazime injini. Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba. Haukulegea, wala haukuwa na nyufa. Akatazama vichwa vya betri. Kimoja kilikuwa na unga mweupe.

"Huu unga unazuia umeme kupita. Usiuguse kwa mkono mtupu. Fungua waya mweusi kwanza, wakati injini imezimwa, kisha mwekundu. Safisha kwa maji ya moto na magadi. Ukirudisha, anza na mwekundu, maliza na mweusi. Ukaze vizuri."

Limbani alisafisha, akakaza. Mama Nyangulu akampa Tamanda mita. "Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Soma volti."

"Kumi na mbili nukta mbili," Tamanda alisoma.

"Mtungi una maji kidogo. Sasa sukumeni, liwake, mrudi."

Gari liliporudi likiunguruma, Tamanda alipima tena. "Kumi na mbili. Inashuka!"

"Ingepaswa kupanda mpaka karibu kumi na nne. Kwa hiyo kosa si la betri. Mchotaji amelala. Zimeni. Baba Tadala, zungusha ufunguo, lakini usiwashe. Unaona taa nyekundu yenye picha ya betri?"

"Haipo. Haiwaki kabisa. Si ndiyo vizuri?"

"Vibaya! Ufunguo ukizungushwa, lazima iwake. Injini ikishika, izime. Isipowaka kabisa, kuna neno. Katika magari mengi ya zamani kama hili, umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta."

Limbani alijikuna shingo. Akamtazama mke wake kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama Tadala," alisema polepole, "unakumbuka uliponiambia unaogopa, kwa sababu usiku huoni tunakwenda mwendo gani?"

"Nakumbuka. Ukaniwekea taa kwenye saa ya mwendo."

"Balbu sikununua. Niliitoa kwenye ile taa nyekundu. Niliona inawaka kidogo tu, halafu inazimika. Nikadhani haina kazi."

Tamanda alicheka mpaka Tadala akaamka mgongoni. "Yaani mtaa mzima umesukuma kwa ajili ya mapenzi yako!"

Kesho yake Limbani alinunua balbu mpya, akaipachika mahali pake. Mama Nyangulu aliichaji betri chuoni. Alasiri Limbani alizungusha ufunguo. Taa nyekundu ikawaka. Akawasha. Injini ikashika yenyewe, na taa ikazimika.

"Kumi na nne nukta moja!" Tamanda alipaza sauti, mita mkononi.

"Na sisi leo tufanye mazoezi gani?" aliuliza mama muuza mandasi.

Ijumaa jua lilipozama, Mjomba Chimombo alishuka mlangoni, mguu wake umefungwa kitambaa. Taa za gari zilimulika ua mzima. Njiani alikuwa amesimuliwa habari yote, na alicheka tangu mashamba ya chai mpaka Zomba.

Jumamosi, wajomba walipokwisha kubadilishana kuku, walimwomba mjomba awausie wachumba. Alisimama kwa fimbo yake, akamtazama kijana aliyemchumbia Tiyamike.

"Mwanangu, Tiyamike akikuonyesha wekundu wa hasira asubuhi, kama ile taa ya gari, usikimbie. Muulize, msikilize, utapita. Lakini akinyamaza kabisa, hapo ndipo uogope. Tafuta ulichokichomoa, ukirudishe."

Wageni walipiga vigelegele. Limbani aliinamisha uso. Tamanda aliutafuta mkono wake chini ya meza, akaushika.

Nje, gari lilikuwa limeegeshwa mahali tambarare.