Jagi Lililogoma Kutoka

Duka la vyombo siku ya Jumamosi ni mahali pa kusukumana. Mtu mwenye akili zake huingia, huchukua alichokifuata, hulipa, akaenda zake. Sasa asubuhi ile, katikati ya rafu za plastiki, walisimama watu wawili ambao nadhani akili zao walikuwa wameziacha nyumbani. Kila mmoja alishika jagi mkononi, na wala hawakuwa na haraka.

Mmoja alikuwa binti wa gauni refu la samawati, penseli kaichomeka kwenye nywele badala ya kibanio. Kazi yake ilikuwa kubuni vyombo vya nyumbani. Alikuwa amefumba macho, akiutikisa mkono wake wa kulia makusudi na kujifanya anamimina maji ambayo hayakuwepo. Mwenye duka alishaanza kumtupia jicho. Wa pili alikuwa kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, isipokuwa alama ya grisi karibu na kiwiko. Yeye alilipindua jagi lake juu chini, akawa anapapasa tako la jagi hilo kwa ncha ya kidole.

"Dada, unaumwa?" kijana akauliza kwa upole.

Binti akafumbua macho. "Siumwi. Najifanya mama yangu. Na wewe unatafuta nini huko chini?"

"Kitovu."

Binti akadhani anataniwa, lakini kijana alikuwa hacheki. Akakigusisha kidole cha binti kwenye kinundu kidogo kilichokuwa katikati ya tako la jagi, akamweleza kwamba kila chombo cha plastiki huzaliwa nacho. Hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia kwenye kalibu, lile bonge la chuma lililochongwa umbo la chombo kwa ndani. Chuma hufunga, plastiki hujaa na kupoa, chuma hufunguka, chombo hutoka. Ukitaka kujua jagi limetengenezwa vizuri au vibaya, alisema, usiliangalie usoni.

Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipita kwenye mabeseni mekundu na ya kijani, ukawaangukia wote wawili, na uso wa kijana ukawa na rangi za ajabu. Binti, ambaye anaishi kwa kutazama maumbo, aliutazama uso ule akasahau alichokuja kununua. Walitoka dukani mikono mitupu, kila mmoja na namba ya mwenzake.

Basi simu zikaanza, na hapo tena nani alale, nani ale. Kijana alikuwa akimwita "mbunifu wangu." Binti naye hakukawia kumpatia jina, maana wiki ya pili tu ilibainika kwamba huyo ndiye yule mhandisi wa kiwanda ambaye ofisi nzima aliyofanyia kazi binti ilikuwa ikimlaani. Ofisi huchora, kiwanda hutengeneza, na katikati hukaa yeye, kazi yake kutazama kila mchoro mpya na kusema kama utatengenezeka au la. Kalibu ikishachongwa, huwezi kuirudisha ikawa bonge la chuma tena, kwa hiyo neno lake lilikuwa zito. Na kwa miaka neno hilo lilikuwa moja tu, mpaka wakambandika liwe ndilo jina lake: Haiwezekani.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeikataa taa yangu ya mezani mwaka jana?"

"Ile yenye shingo ndefu? Ni mimi. Ingevunjika kabla haijafika dukani."

"Nililia siku nzima."

"Pole, mpenzi. Lakini ingevunjika."

Binti alicheka mpaka simu ikamponyoka. Hapo ndipo alipopenda, kama mnataka kujua. Wanaume waliotangulia walikuwa wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kila alichochora kwao kilikuwa kizuri, na siku ya kuachana ndipo alipojua walichokuwa wakikifikiria. Huyu alikuwa hajui kupamba. Akisema gauni limekupendeza, unaweza kulivaa mwezi mzima.

Sasa kulikuwa na jambo la mama. Mama yake binti alikuwa fundi cherehani, nusu ya maharusi wa mtaa ule walitoka mikononi mwake, kisha mikono hiyohiyo ikaanza kutetemeka. Siku moja akiwa na wageni akammwagia mmoja wao jagi zima la maji mapajani. Wageni wakacheka, wakasema maji ni baraka, yakaisha. Kwa mama hayakuisha. Tangu siku ile wageni wakija aliificha mikono chini ya mtandio, na binti ndiye aliyewamiminia. Mwanamke aliyekuwa hakaribishi mtu bila kumpa glasi kwa mkono wake akawa anakaa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Binti aliapa kumrudishia mama mikono yake. Akabuni jagi lenye mpini uliojikunja kwa ndani kama pete, ukiingiza mkono unakukumbatia, hata ukitetemeka hauponyoki. Akalichongea kielelezo cha mbao. Kijana alipoalikwa nyumbani kwa mara ya kwanza, mama alikichukua kielelezo kile, akammiminia maji taratibu, na glasi ikajaa. Kijana akaulizia mpini. Mama akasema umemkaa kama alishonewa. Jua la alasiri lilikuwa limejaa sebuleni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea, na binti akajiona kama yumo ndani ya ndoto ya mtu mwenye bahati.

Wiki iliyofuata mchoro wa jagi ukafika mezani kwa kijana. Ofisini walikaa wakisubiri neno lao la siku zote. Neno likaja: inawezekana. Watu wakapiga makofi. Binti akarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima hakumbuki alikanyaga nini.

Siku ya kulijaribu jagi alipewa koti jeupe la kiwandani, likamfika magotini. Mashine ikanguruma, kalibu ikafunga, plastiki ikaingia. Kila mtu akasubiri. Kalibu ikataka kufunguka, ikakwama, kisha ikafunguka kwa mlio wa kitu kinachochanika. Jagi lilitoka bila mpini. La pili hivyohivyo. La tatu halikutoka kabisa. Mtoto akitumbukiza mkono kwenye mtungi wa peremende, akakunja ngumi, mkono hautoki, na mpini ule uliojikunja kwa ndani ulikuwa umekishika chuma vivyo hivyo. Meneja wa kiwanda akazima mashine, akauliza kwa sauti ya chini nani aliyepitisha mchoro huu.

"Mimi," kijana akasema.

Walitoka nje, wakasimama pembeni ya marundo ya mabeseni. Binti ndiye aliyeanza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokiona kielelezo mkononi mwa mama. Nilijiambia labda plastiki ikiwa bado ya moto itapinda, itapita. Lakini sikuamini. Nilitaka tu nisiwe mimi wa kukukatalia."

Moyo wa binti ulimuuma kwelikweli, na si kwa ajili ya jagi. "Maisha yangu yote watu wananidanganya kwa upole," alisema. "Nilikupenda kwa sababu wewe ulikuwa huwezi."

Akavua koti, akamkabidhi, akaenda zake. Kijana alibaki amelishika koti lile kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Zikafuata siku za mvua nyembamba, isiyonyesha wala isiyokoma. Simu ilikuwa ikiita, ikitetemeka mezani, ikijisogeza yenyewe mpaka ukingoni, na binti akiitazama tu. Ujumbe wa kijana ulikuwa haubadiliki, kwamba amekosa na kwamba hana la kujitetea. Binti akawa hachori. Penseli ilikaa kwenye nywele kama pambo.

Alasiri moja jirani akaja kuwajulia hali. Mama akanyoosha mkono kwenye jagi, na binti akawa ameshalinyakua. "Acha, mama, usijisumbue." Akamimina, jirani akanywa, wakaongea ya mvua, jirani akaaga. Mama akauliza kijana yuko wapi siku hizi. Binti akamwaga yote yaliyokuwa moyoni, tangu neno la uongo mpaka koti. Alimaliza kwa kusema kwamba hawezi kuishi na mtu anayemficha ukweli eti kwa sababu anampenda.

"Na wewe," mama akauliza, "mimi unanifanyia nini?"

Binti hakuelewa.

"Kila nikinyoosha mkono, wewe umeshafika. Unaniambia nisijisumbue. Husemi kwamba unaogopa nitamwaga. Tunakaa humu ndani miaka, sisi wawili, tunadanganyana kuhusu jagi."

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Sijamaliza. Na mimi nimekudanganya. Mpini wako unanibana, mwanangu. Siku ile kijana alipokuja, mkono uliniuma mpaka nikaenda kulala."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanitazama kwa macho yale," mama alisema.

Wakatazamana. Binti akaanza kulia, katikati ya kulia akaanza kucheka, na mama naye akaambukizwa, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Walipotulia, binti akamwomba mama aonyeshe vile angependa kulishika jagi bila kumfurahisha mtu yeyote. Mama akaweka mkono wa kulia nyuma na kiganja cha kushoto chini ya mdomo wa jagi, kama mtu anayesukuma kitambaa kwenye cherehani, mkono mmoja ukisukuma, mwingine ukiongoza. Mikono ilitetemeka yote miwili, lakini ilitetemeka pamoja, na jagi likakaa.

Binti akachomoa penseli. Mpini akauchora wazi, usiojikunja popote. Mbele, chini ya mdomo, akaweka ukingo mpana wa kuegemeza kiganja. Alipokuwa akimalizia ndipo alipoona kwamba hakuna tena kitu cha kukishika chuma. Akachukua simu.

"Nina mchoro mwingine," alisema. "Nayataka macho yako ya kazini. Yale mengine yaache nyumbani."

Kijana alimpokea ofisini kwake, shati halikupigwa pasi, macho mekundu. Hakusema pole wala hakumgusa. Aliutandaza mchoro, akauinamia, akapita na kidole kila ukingo, binti akikifuata kidole kile kwa macho.

"Haiwezekani," kijana akasema.

Mnaweza kuamini kwamba binti alitabasamu? Tabasamu la kwanza tangu mvua ianze. Kijana akamwonyesha: hapo pa kiganja ameweka plastiki nene mno, itapoa vibaya, itabonyea kama uso wa mzee. Paachwe wazi kwa chini. Binti akafuta, akachora upya palepale, mabega yao yakigusana.

"Na sasa?"

"Sasa inawezekana."

"Unajua, au unanipenda tu?"

"Najua," kijana akasema. "Kukupenda ni jambo jingine, na hilo nalo sijalimaliza."

Kalibu mpya ilipofunguka, jagi lilitoka lenyewe, bila kuvutwa, likiwa bado na joto. Binti alilipokea kwa mikono miwili, akalipindua, akagusa kitovu chake. Katika kelele zile za mashine akamwinamia kijana sikioni, akamuuliza, je, na wao wawili, inawezekana? Kijana hakukurupuka. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya mchoro, kisha akaanza kutaja: yeye anakoroma, akiogopa huficha mambo, na binti huchora hata kwenye kuta na kumwamsha mtu alfajiri aje kuona. Kuna mengi ya kurekebisha, alisema.

"Kwa hiyo?"

"Tuoane. Inawezekana."

Jumapili walikwenda kwa mama. Jua lilikuwa limerudi, mapazia yakipumua polepole dirishani. Mama alivaa gauni la zambarau alilojishonea enzi zake, na mtandio akauacha chumbani. Alilisogeza jagi, mkono nyuma, kiganja mbele, akaanza kummiminia kijana. Binti aliikalia mikono yake miwili ili isiinuke. Maji yakaenda, yakayumba, yakajaza glasi, na mengine yakatambaa kwenye kitambaa cha meza. Hakuna aliyenyanyuka kufuta.

"Nimemwaga," mama alisema, akimtazama kijana.

"Umemwaga, mama," kijana akamjibu, "lakini glasi imejaa."

Mama akamgeukia binti yake, akasema huyu sasa wanaweza kuishi naye, akavuta glasi ya pili.