Lebo ya Chupa Mbili

Sare nane za shule zilitoka kwenye beseni zikiwa na mabaka meupe. Dobi alizibeba hadi kwa mtengeneza sabuni, akazitandaza juu ya mapipa yake.

"Nilinunua sabuni kwako. Kumbe ni dawa ya madoa."

"Shemeji, mbona imeandikwa? Husomi?"

"Nasoma. Nionyeshe wapi."

Mtengeneza sabuni aligeuza chupa. Jina la familia yake lilijaa lebo nzima, herufi zimejipinda kama kucha za kuku. Maneno "dawa ya madoa" yalikuwa chini kabisa, madogo, ya kahawia juu ya kijani. Chupa ya sabuni nayo ilikuwa vilevile. Ndivyo alivyotaka mwenyewe: kazi ya nyumba moja, sura moja.

Dobi alikusanya sare zake, akaondoka bila kuaga.

"Baba watoto," mke wa mtengeneza sabuni alisema, "twende kwa jirani."

Jirani yao alikuwa mchapaji. Alizisimamisha chupa mbili rafuni, akawarudisha nyuma hatua sita.

"Kaka, sabuni ni ipi?"

Mtengeneza sabuni alikodoa macho. Akabahatisha. Akakosea.

"Makubwa haya," mkewe alisema. "Baba mzazi hamjui mwanawe."

Mchapaji hakucheka. "Jambo analolitafuta mtu kwanza liwe kubwa kuliko yote. Huo ndio mpangilio wa uzito. Rangi ya herufi isifanane na ya nyuma yake. Hiyo ni tofauti ya rangi. Fonti, yaani umbo la herufi, iwe nyoofu. Na pembeni acha nafasi tupu."

"Nilipie karatasi isiyo na kitu?"

"Ukisema bila kuvuta pumzi, nani atakuelewa?"

"Na jina letu?"

"Chini, dogo. Mtu hafui nguo kwa jina lako."

Lebo ya sabuni ikawa ya buluu. Ya dawa ikawa nyeupe, maandishi mekundu. Kabla ya kuchapa zote, mchapaji aliwaita wapita njia watano wachague sabuni.

"Hili ni jaribio la watumiaji. Usiwaeleze kitu. Watazame tu."

Wanne walipatia. Mama mmoja asiye na miwani alichukua dawa. Kwa ajili yake, chupa za dawa zikawekewa vifuniko vyekundu.

Sasa ni miezi mitatu, hakuna aliyekosea chupa.

Lebo mia nne za zamani zilitupwa. Siku kumi na moja za kusubiri lebo mpya, mtengeneza sabuni hakuuza kitu. Sare nane alizilipa. Na dobi, mteja wake wa miaka saba, hajarudi.