Picha Nyuma ya Tangi la Baridi

"Nyeusi, au hii ya ukungu?"

Msusi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la samaki. Mkono mmoja ulishika karatasi nyeusi, mwingine karatasi ya ukungu, ile inayobandikwa kwenye madirisha ya bafu. Alikuwa akizipeleka huku na huku juu ya kioo kama anavyomjaribishia mteja rangi ya nywele. Mchumba wake alisimama mlangoni na kikombe cha chai, macho sakafuni.

"Ndani fanya utakavyo," alisema. "Nyuma paache palivyo."

"Nimekuuliza rangi, sijakuuliza ruhusa."

"Najua. Paache tu."

Bwana huyu alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Baridi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Bomba lingempasukia usoni, naye angejifuta na kuomba kitambaa kingine kikavu. Walijuana siku alipoitwa saluni kuzibua sinki lililojaa nywele za wateja. Alitoa bonge la nywele mfano wa paka aliyelowa, akaliweka kwenye ndoo bila kukunja uso, kisha akauliza kama kuna chai. Msusi alimpenda palepale, ingawa alijikaza wiki tatu nzima kabla ya kukiri.

Alikuwa na sababu ya kujikaza. Miaka minne nyuma, mwanaume aliyekuwa naye alivunja kioo cha saluni kwa ngumi, vipande vikamrukia Msusi mabegani, kisha bwana yule akasema ni yeye aliyemtia hasira. Mara ya tatu alipotoka na Baridi, alimwambia wazi kwamba yeye hawezi kuishi na mtu wa hasira hata siku moja, hata awe na sababu gani. Baridi alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Akaufunga, akasema, "Sawa."

Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili wafunge ndoa, na Msusi alikuwa akihamishia vitu vyake nyumbani kwa Baridi kidogo kidogo. Tangi lile alilipenda kuliko kochi, kuliko jiko, kuliko kitu chochote mle ndani. Baridi aliliunda kwa mikono yake, lita mia mbili na arobaini, na halikuwahi kudondosha hata tone. Ndani yake tu ndiko kulikuwa na vurugu, mimea imekua ovyo na gogo limewekwa katikati kama kiti cha mgeni rasmi.

Jumapili moja alilipanga upya. Alisogeza gogo upande wa kushoto, akainua changarawe nyuma na kuiteremsha kwa mbele, akapanda majani mafupi moja moja kwa kibano chake cha saluni. Kisha akachukua kitana chenye mkia mrefu, akachora njia ya mchanga mweupe ikipita katikati ya mimea, imeegemea upande.

"Mbona umeipeleka pembeni?" Baridi aliuliza siku hiyo.

"Kwenye nywele, njia ya katikati humfanya kila mtu afanane na mtoto wa shule. Nzuri hukaa pembeni kidogo."

Ilipendeza, ila ukitazama nyuma tu, furaha inakwisha. Kwenye kioo cha nyuma palibandikwa picha ya bahari, matumbawe mekundu na ya njano, na samaki wa kuchorwa wakubwa kama sahani. Mbele ya bahari hiyo waliogelea samaki wadogo wa mtoni, kwenye majani ya mtoni, wakionekana kama watu waliopotea njia. Msusi alisema wazi kwamba picha hiyo itoke. Baridi, ambaye alikuwa amekubali kubadilisha mapazia, kitanda na hata mlango wa stoo, kwa picha hiyo aligoma.

Sababu Msusi aliipata saluni, katikati ya wiki, wakati akimsuka dada yake Baridi. Wifi huyo hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na kizuizi, hasa kichwa kikiwa kimeshikwa na hawezi kwenda popote.

"Ile picha bado ipo?" wifi aliuliza. "Nilidhani ameshaitupa. Si ndiyo aliyonunua na yule wa kwanza? Walikwenda wote dukani, wakarudi nayo wameikunja kama mkeka."

Mikono ya Msusi ilisimama. Wifi akajua amelikoroga, akaanza kuzungumzia viatu vya harusi.

Yule wa kwanza Msusi alimjua kwa habari tu. Alikuwa mchumba wa Baridi kwa miaka miwili, kisha akaondoka ghafla na kwenda kuolewa na mwingine. Baridi hakupenda kumzungumzia, na Msusi hakuwahi kumlazimisha. Sasa alijiona mjinga. Alimaliza kichwa cha wifi, akaingia chumba cha nyuma, akaandika ujumbe.

"Ile picha nimeambiwa ni ya nani. Itoe leo."

Jibu halikuja upesi. Simu ilionyesha kwamba Baridi anaandika, akaacha, akaandika tena. Mwishowe likaja fupi.

"Tafadhali tuiache."

Msusi alikaa juu ya ndoo ya taulo chafu, akalia. Iliuma hasa, maana alikuwa ameshaamini. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, alimwambia jioni kwamba gauni limeshashonwa, watu wameshaalikwa, na picha ni karatasi tu. Msusi akamuuliza, kama ni karatasi tu, mbona anaing'ang'ania?

Kabla ya kulala Msusi alituma ujumbe wa pili.

"Siwezi kuingia nyumba ambayo mwanamke mwingine ameshabandikwa. Kesho nakuja kuchukua kibano na vitana vyangu. Pete nitaiacha juu ya tangi."

Asubuhi alikuta jibu.

"Usiiache kwanza. Njoo saa nane mchana, nikuonyeshe huko nyuma. Itachukua muda, lazima tutoe maji."

Alikwenda, akiwa amejiapiza asikae. Alimkuta Baridi amekunja suruali hadi magotini, mpira wa maji umetoka kwenye tangi hadi bafuni, na ndoo mbili sakafuni. Tangi lilikuwa limeegemezwa ukutani kabisa, hata kiganja hakipiti. Fundi aliyewaambia wateja kila siku waache nafasi nyuma ya mabomba, mwenyewe hakuacha hata ya kidole. Kugusa kioo cha nyuma ni lazima tangi livutwe, na tangi lililojaa halivutwi na mtu.

Kwa hiyo Msusi, aliyekuja kuvunja uchumba, alijikuta ameshika wavu. Walikamata samaki mmoja mmoja. Baridi alielekeza kwa sauti ndogo, wadogo ndoo hii, wakubwa ndoo ile. Maji yalishuka polepole, na njia nyeupe ya mchanga ikabomoka upande mmoja. Saa moja na nusu baadaye waliweka matambara chini ya miguu ya meza iliyobeba tangi, wakavuta pamoja, tangi likateleza kutoka ukutani.

Baridi alishika kona ya picha, akaivuta yote.

Kioo cha nyuma kilikuwa kimekwaruzwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mikwaruzo ilikuwa mamia, imekatizana, mingine imezama hadi ukucha unaweza kukwama. Kona moja ilikuwa imemeguka. Msusi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla sijakujua. Alikuwa ameshaondoka wiki mbili. Siku hiyo nikasikia ameolewa. Nikarudi, nikaiona picha yake, nikataka kuibandua. Gundi ikakataa. Nikachukua kikwangulio cha chuma." Aligusa kona iliyomeguka. "Nikaendelea hata baada ya picha kuisha."

"Na hii je?"

"Hii nilinunua mimi kesho yake, duka lile lile, picha ile ile, kwa ajili ya kufichia. Yake ilikwenda na takataka. Sikutaka mtu aone, hata dada yangu hajui."

"Mimi ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Uliniambia habari ya kioo cha saluni. Nikajua ukikiona hiki utanihesabu kundi moja na yule mtu. Nikaogopa. Nakupenda, na nilikuwa naogopa kila ulipopita hapa na karatasi zako."

Msusi alishika komeo la mlango. Mabega yake yalikumbuka vile vipande vya kioo kana kwamba ilikuwa jana. Mtu mpole kuliko wote aliowajua alikuwa amesimama mbele ya kazi ya hasira yake, na hasira hiyo ilikuwa kubwa. Alitaka kutoka. Alitazama chini ili asikanyage maji, akaziona zile ndoo mbili. Wadogo huku, wakubwa kule. Mkono wake uliachia komeo.

"Siku ile tangi lilikuwa na maji?" aliuliza.

"Lilikuwa limejaa."

"Limeegemea ukutani hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Sasa ulifikaje nyuma?"

Baridi alimtazama kama hakuelewa swali. "Nilitoa maji."

"Yote?"

"Yote. Nisingeweza kulivuta."

"Na samaki?"

"Niliwahamisha kwanza. Ndoo mbili. Ukiwabana pamoja, wakubwa huwang'ata wadogo mapezi."

"Ilichukua muda gani?"

"Saa moja na nusu. Labda mbili, mpira ulikuwa umeziba."

"Ukauzibua."

"Nikauzibua."

"Huku umekasirika."

"Sana. Sijawahi kukasirika vile."

Msusi alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kiganja, ikashindikana, akateleza chini mpaka akakaa kwenye sakafu yenye maji na sketi yake nzuri. Alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, na Baridi akabaki amesimama na picha ya bahari mkononi, hajui amfuate au asimfuate.

"Yule mwanaume," Msusi alisema alipopata pumzi, "hakunisubiri hata nisogee. Mimi nilikuwa mbele ya kile kioo. Wewe umekasirika kuliko siku zote za maisha yako, na ukazibua mpira kwanza."

"Samaki hawakuwa na kosa."

"Hawakuwa nalo. Njoo ukae hapa."

Akaja, akakaa kwenye maji kando yake. Msusi alimweleza bila kumung'unya maneno. Hasira anayo, asijifanye tena kwamba hana. Na kufichwa kumemuuma kuliko mikwaruzo yote, maana amelia juu ya ndoo ya taulo kwa ajili ya mwanamke ambaye hata picha si yake. Baridi alisema amekosa. Neno hilo alilisema mara moja, akimtazama usoni, na Msusi akaona linatosha.

Pete ilikuwa bado kidoleni. Alikuwa amesahau kuivua.

Kabla ya kurudisha maji, Msusi alichukua tena karatasi zake. Nyeusi ilifanya mikwaruzo ing'ae nyeupe. Ya ukungu iliificha karibu yote, na Baridi akasema haraka kwamba hiyo ndiyo, waibandike. Msusi alitazama kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama anapoamua mteja akatwe nywele au aachwe.

"Hatubandiki kitu," alisema. "Ukuta ni mweupe, unatosha. Nyuma tunapanda yale majani marefu, mstari mzima."

"Yatachukua miezi kufika juu."

"Yachukue. Na nafasi ya kiganja tunaiacha hapo nyuma, fundi mzima."

Alirudia njia yake ya mchanga kwa kitana, pembeni kidogo, na Baridi akamshikia taa. Jioni hiyo wifi alipata ujumbe wa maneno mawili, "Harusi ipo," naye akajibu kwa mistari kumi na moja.

Walifunga ndoa Jumamosi ile ile iliyopangwa. Wageni walipojaa sebuleni, shangazi aliinamia tangi, akavaa miwani, akauliza hiyo michoro ya nyuma ni mapambo ya namna gani.

"Hapo mume wangu alikasirika, shangazi."

Shangazi alivua miwani. "Lini?"

"Zamani. Alitoa maji kwanza."

Shangazi hakuelewa, lakini bibi harusi alikuwa anatabasamu mpaka macho yamefumba, kwa hiyo akaamua kuuliza siku nyingine.

Majani marefu yalipanda polepole. Mwezi wa tatu yalikuwa yamefika nusu ya kioo, na samaki wadogo walizoea kulala kati yake. Siku moja Baridi alirudi mapema kutoka kazini. Mteja alikuwa amemvunjia bomba alilolifunga vizuri, kisha akamtukana mbele ya watu kwamba amelifunga vibaya. Aliweka mfuko wa vifaa mlangoni, akapita, na Msusi, aliyekuwa akikunja nguo chumbani, akasikia ndoo ikiwekwa sakafuni sebuleni.

Alikwenda, akasimama mlangoni.

"Umekasirika?"

"Sana."

"Tunatoa yote, au nusu?"

Baridi alilitazama tangi, akamtazama mkewe. Mabega yake yalishuka kidogo.

"Leo nusu itatosha," alisema.

Msusi alikunja mikono ya blauzi, akashika ncha ya pili ya mpira, akaupeleka bafuni.