Siku Viti Vilipovuliwa Viatu

Kila Ijumaa akitoka shule, Nasma alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa darasa la sita waliicheka hadi machozi. Alivivua viti viatu, akaviosha viatu, kisha akavivisha viti tena. Kama kuna mtoto mwingine Kariakoo nzima aliyekuwa na kazi hiyo, basi hajapata kujitokeza.

Viti vyenyewe vilikuwa sita, vya chuma, vizito, vilivyochomelewa na fundi wa Gerezani kabla mama yake Nasma hajaolewa. Vilikaa uani mwaka mzima, juani na mvuani. Viatu vya viti hivyo vilikuwa vipande vya kandambili kuukuu vilivyokatwa mviringo na kufungwa kwenye kila mguu kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Viti sita, miguu ishirini na minne. Kuosha viatu ishirini na vinne, kuvianika kambani na kungoja vikauke si kazi ya kumaliza huku unawaza mambo mengine.

"Kwani lazima kuviosha kila wiki?" Nasma aliwahi kuuliza.

"Chembe ya mchanga ikinasa kwenye mpira, kiatu kinageuka msasa," Babu yake alijibu. "Na maji yakilala humo, chuma kinashika kutu, kutu inashika sakafu. Afadhali peku kuliko kiatu kichafu. Peku angalau unajua huna kinga."

Babu Mrisho alijua alilosema. Miaka arobaini alikuwa fundi sakafu. Kazi za mikono yake zipo mpaka leo katika nyumba za Upanga, ambako waliomo hata jina lake hawalijui. Yake mwenyewe aliiweka mwisho kabisa, kama ilivyo ada ya mafundi: sakafu ya saruji nyekundu, uani kwake Mtaa wa Sikukuu, aliyoisugua na kuipaka nta mpaka marehemu mkewe, Bibi Sitara, akawa anaona kivuli chake ndani yake akichambua mchele. Nyumba za jirani zote zimegeuka maghorofa. Ule ua ulibaki katikati, jua likiufikia saa sita tu, lakini sakafu ilikuwa ileile.

Halafu presha ya macho ikamnyang'anya Babu uoni. Alibaki kutofautisha mwanga na kivuli, basi. Barabarani alishikwa mkono kama mtoto. Lakini uani alivua makubazi, akaacha fimbo mlangoni, akatembea peke yake, kwa kuwa nyayo zilimwambia alipo: mteremko mdogo karibu na bomba, kiungo cha saruji karibu na jiko, ulaini wa katikati alipokuwa akikaa mkewe.

"Hapa mimi ni mtu mzima," alizoea kusema. "Huko nje mimi ni mzigo."

Chumba kimoja kinachotazama ua alipanga Clotilda, fundi cherehani aliyeshona katika baraza la duka Mtaa wa Congo. Miaka minne alikuwa pale, na kila Jumapili jioni alimsuka Nasma nywele za shule, mistari iliyonyooka kama ya daftari, wala hakutaka shukrani. Siku moja aliomba jambo, kwa aibu, akikunjakunja pindo la kanga. Zamu ya jumuiya ya kanisa lake kusali nyumbani kwa mwenzao ilikuwa imefika kwake. Chumba chake kilikuwa kidogo. Je, wenzake wangeweza kukaa uani Jumamosi asubuhi?

"Mungu anaombwa popote, hata uani kwangu," Babu alisema. "Viti vibebwe tu, visiburutwe."

Kwa hiyo Ijumaa ile kazi ya Nasma ilikuwa na uzito zaidi. Babu alimkumbusha mara mbili kabla Mzee Awadhi wa nyumba ya pili hajaja kumshika mkono kwenda msikitini kuswali alasiri. Mama yake Nasma, Nasreen, alikuwa dukani kwake akiuza kanga, na simu yake ya zamani ilikuwa juu ya kabati, ikimtazama Nasma.

Nasma aliviosha viatu, akavianika. Hapo ndipo kazi ilipotaka subira, na yeye subira hakuwa nayo. Mtandao wa wifi wa duka la simu la jirani ulifika uani, lakini ulifika pembeni tu, nyuma ya tangi la maji. Alichukua simu. Akashika kiti kilichokuwa karibu na bomba. Kilikuwa kizito, nacho kilikuwa peku. Alijua kabisa kwamba kinatakiwa kubebwa. Akakiburuta.

Kiti kilipiga kelele njia nzima, kutoka bombani, kupitia katikati ya ua, hadi nyuma ya tangi. Alipogeuka kuangalia, aliona mstari mweupe mrefu, umechimba sakafu nyekundu ya Babu mpaka kwenye saruji ya chini. Alisugua kwa kidole, mstari haukutoka. Alimwaga ndoo ya maji, na maajabu yakatokea: sakafu ilipolowa, ikakoza rangi, mstari usionekane. Akavivisha viti viatu vikiwa bado vibichi, akavirudisha mahali pake.

"Sakafu ina maji," Babu alisema aliporudi.

"Nimedeki, Babu. Kwa ajili ya wageni."

"Vizuri sana, mjukuu wangu," alisema Babu, akaingia ndani kwa uangalifu, asije akateleza.

Jumamosi wageni wa Clotilda walikuja saa moja asubuhi, wakakaa katikati ya ua, wakasali, wakaimba kwa sauti ya chini kwa heshima ya nyumba, wakanywa chai, wakaondoka. Clotilda alibeba kila kiti kwa mikono miwili, akafagia. Jua la saa sita likaingia, likakausha kila kitu. Babu akatoka peku.

Hatua tatu kutoka bombani alisimama. Alirudisha mguu nyuma, akaupeleka mbele tena polepole. Kisha aliinama, mzee wa miaka sabini na sita, akapapasa kwa vidole.

"Nasma, nani ameburuta kiti?"

Angesema kweli, angepigiwa kelele, angelia, na jioni wangekula pamoja. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Wageni wa Anti Clotilda, Babu."

Clotilda aliitwa. Alikuja na uzi ungali unaning'inia kwenye nguo yake, akaona mstari, akaweka mkono mdomoni.

"Mzee, niliwaambia wabebe. Nilikuwa nawaangalia mwenyewe."

"Kwa hiyo mtoto ni mwongo?"

Clotilda alimtazama Nasma. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayengoja. Nasma akaangalia kucha zake.

"Sijui, mzee," alisema Clotilda mwishowe. "Naomba radhi."

"Nilikufungulia ua wangu, na mimi sina kingine," alisema Babu. "Jumuiya yenu isikae tena hapa."

Maneno hayo hayakubaki uani. Kufika Jumatatu, wenzake Clotilda walikuwa wanajua kwamba wamefukuzwa nyumbani kwa watu kama kuku walioingia jikoni. Baadhi yao walimlaumu yeye kwa kuwapeleka. Jumapili iliyofuata Nasma alikaa kizingitini na kitana mkononi kama kawaida. Clotilda alipita, akaitikia shikamoo yake, akafunga mlango. Wiki mbili baada ya mstari ule, guta la magurudumu matatu lilikuja likabeba kitanda chake, jiko lake na sanduku la vitambaa.

"Huyu tulikaa naye vizuri," Nasreen alisema akilitazama guta likikata kona. "Sijui kilichotupata."

Nasma alijua. Hakula usiku huo, wala asubuhi yake.

Tangu alipoukanyaga mstari ule Babu naye alikuwa haendi uani. Alikaa ndani kama mgeni. Asubuhi hiyo, nyumba ikiwa kimya, alitoka, akavua makubazi, akaenda bombani. Akauweka mguu kwenye mstari. Safari hii hakuinama wala hakuuliza. Aliufuata kwa dole gumba, kidogo kidogo. Ulipita pale walipokaa wageni. Haukuishia hapo. Uliendelea mpaka nyuma ya tangi, pembeni, mahali ambapo mtu mzima hawezi hata kunyoosha miguu, na ambapo katika nyumba ile alikaa mtu mmoja tu.

Babu alisimama pale, mkono juu ya tangi. Hakumwita mtu. Nasma alikuwa mlangoni, ameona yote, na alitambua kwamba anangojwa tena, kama Clotilda alivyomngoja.

"Ni mimi, Babu," alisema, na kilio kikamtoka. "Viatu vilikuwa kambani. Nilikiburuta mimi. Halafu nikamwaga maji."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi nitakukasirikia, ukaona heri nimkasirikie asiye na kosa." Babu aligeuka kuelekea mlangoni. "Na mimi nina langu. Nilifuata mstari hatua tatu tu, nikahukumu. Fundi mzima. Lete fimbo yangu."

Walikwenda Mtaa wa Congo mchana ule, mama yake Nasma akimshika Babu mkono katikati ya mikokoteni na wauza mitumba. Clotilda alikuwa kwenye cherehani, wateja watatu wamemzunguka. Aliinuka haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usisimame, anayepaswa kusimama ni mimi." Babu alisema kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia, kwa maana ndivyo alivyokusudia. "Nilikutia hatiani mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Wageni wako hawakuharibu chochote. Aliyeharibu ni huyu wangu."

Nasma alitaka ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Alisema aliyokuja kusema, yote, pamoja na ile ndoo ya maji.

Clotilda alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilijua siku ileile," alisema. "Sakafu ililowa tangu Ijumaa, na viatu vya viti vilikuwa vibichi nilipovigusa alfajiri. Nilikuwa nangoja uniokoe, Nasma. Wewe, mtoto niliyekuwa nakusuka."

"Rudi nyumbani, mwanangu," Babu alisema. "Chumba kipo."

"Nimesamehe, mzee. Kwa Mungu, nimesamehe." Clotilda alishika kitambaa chake tena. "Ila sitarudi. Nikikaa pale, kila kitakachovunjika nitakuwa nasikiliza kama jina langu litatajwa. Huko nilikohamia, usiku mmoja tu, nimelala usingizi."

Babu alikaa kitako kwenye ngazi ya baraza, uso ameuelekeza chini. Hakubishana. Alimwomba jambo moja tu, awafikishie wenzake salamu zake na maneno yake ya kuomba radhi, na Clotilda aliahidi kuyafikisha.

Wiki iliyofuata waliziba mstari. Macho yalikuwa ya Nasma na maarifa yalikuwa ya Babu. Alimwonyesha namna ya kusafisha ufa kwa brashi, kuchanganya saruji na unga wa rangi nyekundu, kushindilia kwa ncha ya mwiko, kufunika kwa gunia lililolowa na kuliweka bichi siku saba. Nasma alilimwagilia gunia lile asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Siku ya nane walisugua, wakapaka nta. Kisha Babu akavua makubazi na kupita.

"Haikwaruzi tena," alisema. "Umeshindilia vizuri. Mguu hautajikwaa."

Nasma alitazama. Rangi mpya ilikuwa nyekundu kupita ile ya zamani. Kutoka mlangoni mstari ulionekana wote, toka bombani hadi nyuma ya tangi.

"Rangi haijalingana, Babu. Tukisugua zaidi itafanana?"

"Hapana. Ile ya zamani ina miaka ishirini ya nyayo, na nyayo za bibi yako zimo. Hiyo haichanganywi kwenye ndoo." Babu aliketi, akamvuta karibu. "Sikia, Nasma. Kiti ulichoburuta kingeishia kwenye sakafu, na sakafu ningeiziba. Hasira ya sakafu imeshaniisha. Lakini uongo ni ile chembe ya mchanga chini ya mguu wa kiti. Wewe uliiweka, mimi nikaikalia kwa uzito wangu wote, na aliyekwaruzwa ni mtu aliyetupenda. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Ukichelewa, kweli utaisema tu, ila utamkuta mwenyewe ameshahama."

"Nimesikia, Babu."

"Basi kavioshe viatu. Leo Ijumaa."

Nasma aliviosha vyote ishirini na vinne, akavianika, akakaa chini kungoja vikauke. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na jirani, mistari imepinda. Viatu vilipokauka, alivivisha viti kimoja kimoja, akavibeba kwa mikono miwili mpaka mahali pake, na sauti pekee iliyosikika uani ilikuwa ya nyayo zake mwenyewe.